Baba Yake Alikuwa Ndani ya Nishani, Nami Nikaitupa

Nimekosa, ndugu zangu, na sitalizungusha. Nilichukua kitu cha bibi kikongwe asiyeona, nikakitupa kwenye pipa la takataka, halafu nikamwacha aamini kwamba amekipoteza yeye mwenyewe kwa kusahau.

Amekufa akiamini hivyo. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Jina langu sitalitaja. Watanzania wa Johannesburg tunajuana, na kanisani bado naitwa shemasi. Nisikilize tu kana kwamba umenikuta jikoni namenya viazi, ukavuta kiti ukakaa.

Mimi ni mzaliwa wa Morogoro. Niliolewa bado msichana na mwanamume wa Afrika Kusini, mmoja wa wale wakimbizi wa siasa waliokuwa wakiishi kwetu wakati wa ubaguzi. Mcheshi, mwimbaji, ugali anakula kutushinda wenyewe. Nchi yao ilipopata uhuru tukaja huku. Yaani yeye alirudi, mimi nilikwenda.

Alishafariki, Mungu amrehemu. Watoto wangu wawili ni watu wazima, wana mambo yao. Kiswahili wanakisikia vizuri sana, ila kukisema, thubutu! Nampigia kijana wangu, "Mwanangu, umekula?" Ananijibu, "Ngidlile, Ma. Sharp." Simu imekatika. Kula kweli kala, lakini mazungumzo ndiyo yameishia hapo.

Jamani, upweke wa lugha usikie kwa jirani! Unakuwa na watu tele, wanakuamkia, wanakupisha kwenye foleni, na hakuna hata mmoja wa kumtania akakutania. Mimi nilifika mahali nikawa nasema na masufuria. Nikiunguza wali naligombeza sufuria kwa Kiswahili, najijibu mwenyewe.

Ndipo nikapata kazi ya kumtunza Bibi.

Ilikuwa mtaa wa Observatory, nyumba ya zamani ya mawe, juu kwenye mwinuko. Bibi alikuwa mzungu, mkongwe hasa, hakuolewa wala hakuzaa. Macho yake yalikuwa yamekwisha, alibakiwa na mwanga na vivuli tu. Ndugu yake wa karibu alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, anayeishi Pretoria na kuja Jumapili akipata nafasi.

Siku ya kwanza huyo mpwa alimwambia kwamba mama huyu anatoka Tanzania. Bibi akageuza uso upande wangu. "Tanganyika?" Nikamjibu ndiyo, Morogoro. Kikongwe akatabasamu mpaka meno ya bandia yakacheza. Akasema, kwa Kiswahili, "Karibu, mama. Lete maji moto. Pole pole!"

Loo! Nilicheka mpaka nikakaa kwenye kochi lake bila kuambiwa kaa.

Alifundishwa na baba yake. Baba huyo alikuwa askari wa farasi, kijana, akapelekwa kwetu katika ile vita ya kwanza ya dunia kupigana na Mjerumani. Farasi wao waliisha kwa mbung'o. Yeye akapigwa risasi ya nyonga, wapagazi wakambeba kwenye machela kupita maporini mpaka Morogoro. Kiswahili chake chote alikiokota humo, amelala chali, anasikiliza wanavyoambiana wale waliombeba. Juu. Chini. Ndani. Nje. Maji. Pole pole. Lala.

Akarudi kwao akichechemea, na Kiswahili hicho cha machela akamfundisha binti yake mdogo. Maneno yenyewe machache, yamechanikachanika, lakini Bibi aliyatunza maisha yake yote vile vile alivyopewa.

Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. "Bibi, siyo lala mzuri. Ni lala salama."

"Hapana! Baba nasema lala mzuri."

Haya, ikawa lala mzuri. Kila jioni nikishamfunika ananiambia, "Lala mzuri, mama." Namjibu, "Lala mzuri, Bibi." Halafu naenda chumbani kwangu kule nyuma nacheka peke yangu. Nilikuwa na mtu wa kusema naye! Kiswahili kibovu kuliko vyote nilivyowahi kusikia, na nilikipenda kuliko cha redioni.

Sasa nije kwenye nishani.

Ilikuwa ya baba yake. Duara la fedha, pana kidogo, lina utepe uliochakaa wenye rangi ya chungwa katikati. Haikutoka mkononi mwa Bibi. Jioni akishakunywa supu aliishika, akaanza kuizungusha taratibu kwa kidole gumba, pembeni pembeni, midomo yake ikichezacheza bila sauti. Mimi nikimuuliza, "Bibi, unafanya nini?" ananijibu kwa furaha kabisa, "Baba iko ndani hii."

Baba yuko ndani ya hii! Mara ya kwanza nilicheka. Nikaona ni uzee.

Kisha siku moja namwogesha, akaiacha kitandani, nami nikaichukua kuitazama vizuri. Upande mmoja kichwa cha mfalme wao, sikuona tatizo. Nikageuza. Mungu wangu! Mwanamume uchi kabisa juu ya farasi. Na chini ya kwato za farasi, fuvu la mtu!

Nywele zilinisimama. Mimi ni mlokole, ndugu zangu, na sisi walokole tumefundishwa kuyaona mambo. Nikaunganisha. Mtu uchi. Fuvu. Baba aliyekufa zamani yuko ndani. Midomo inayonuia kila jioni. Kumbe nalala nyumba moja na mzimu!

Ningemuuliza. Kinywa ninacho, na Kiingereza ninacho, yeye ndicho alichozaliwa nacho. Lakini nilikuwa nimeshajiona najua. Ukishajiona unajua, huulizi tena.

Baridi ya mwaka ule ikamkuta vibaya. Akakohoa, akakonda, akakataa uji. Akawa anaongea na baba yake waziwazi, "Baba, mimi nakuja." Mtu mwingine angesema huyu ni mzee na ana mafua. Mimi nilisema anavutwa. Nikaogopa, siyo kwa ajili ya roho yake tu, nisidanganye. Niliogopa nitabaki peke yangu na masufuria.

Ninaye rafiki, Mama Furaha, Mkongo wa Uvira, anasuka nywele chini ya jengo moja la magorofa kule Joubert Park. Tunasali pamoja, naye huniita Yaya, yaani dada kwa kwao. Nikaenda kusuka, nikammwagia yote. Akaacha mkono juu ya kichwa changu.

"Yaya, unasema iko uchi?"

"Uchi wa mnyama."

"Na kichwa ya mufu chini ya farasi? Jésus! Na ule mama muzee anasema baba yake iko mule ndani?"

"Kwa kinywa chake."

"Yaya, hiyo haiko kintu ya kuchezea. Tosha hiyo kintu mu nyumba, ipeleke inje." Akavuta nywele, akasuka kidogo, akasita tena. "Lakini umuulize kwanza, hein? Kintu ya mutu, muulize mwenyewe. Pengine iko na maana ingine."

Mnaona? Aliniambia! Sitaki mtu amlaumu Mama Furaha. Maneno yake yalikuwa mawili, mimi nikaondoka na moja.

Asubuhi ya siku ya gari la taka, Bibi akiwa bado usingizini, niliichukua toka chini ya mto wake. Nikaipaka mafuta ya upako. Nikaifunga kwenye karatasi za jikoni pamoja na chumvi, nikaitia kwenye kopo tupu la maziwa mgando, nikalitupa kopo kwenye pipa. Nikalisukuma pipa hadi nje ya geti nikiimba pambio. Nilijiona shujaa!

Dirishani nikawaona waokota taka na mikokoteni yao mirefu wakifungua mapipa kama kawaida yao. Baadaye gari likapita. Pipa likabaki wazi barabarani.

Bibi aliamka akapeleka mkono chini ya mto.

Akapapasa. Akapapasa upande wa pili. Akapapasa shuka, blanketi, kifua chake mwenyewe. "Mama," akaniita, "Baba iko wapi?"

Nikajibu sijui.

"Baba iko wapi, mama?"

Nikainama nikatazama chini ya kitanda! Naam. Nilipiga magoti, nikaburuza viatu, nikafungua saraka na kuzifunga kwa kishindo ili asikie natafuta. Kumtafutia mtu asiyeona kitu ulichokitupa mwenyewe, sijui kama kuna dhambi ya kipumbavu kuliko hiyo. Kisha nikakaa kando yake nikamshika mkono. "Bibi, umeiweka mahali ukasahau."

"Nini, sahau?"

Neno hilo hakuwa nalo. Baba yake hakumfundisha. Wapagazi walikuwa hawalisemi. Nikamweleza kwa Kiingereza, halafu nikamrudishia kwa Kiswahili, taratibu, kama mwalimu wa chekechea. Sa-hau.

"Sahau," akasema Bibi. "Mimi sahau."

"Ndiyo, Bibi. Ni uzee tu."

Nilimfundisha mimi. Kwa muda wote niliokaa naye, hilo ndilo neno pekee nililomwongezea.

Jumapili mpwa wake akaja. Bibi alikuwa hajala vizuri, amekaa kwenye kiti, kidole gumba kinazunguka hewani bila kushika kitu. Mpwa akatafuta nyumba nzima. Akakung'uta magodoro, akamwaga mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Nikashangaa mtu mzima anavyohangaika, nikamwuliza kitu kile kina nini hasa.

Akaketi ukingoni mwa kitanda, akanieleza.

Akasema pembeni mwa nishani, kwenye ule ukingo mwembamba, limechongwa jina la baba yake Bibi. Namba yake ya jeshi, jina lake, na kikosi chake cha farasi. Herufi ndogo ndogo zinazozunguka duara zima. Bibi alijifunzia kusoma hapo, amepakatwa kwenye mguu ule mzima wa baba yake. Macho yalipokwisha akawa anazisoma kwa kidole. Alikuwa harogi mtu wala haiti mizimu. Kila jioni alikuwa anasoma jina la baba yake.



Ndugu zangu, Bibi hakuwa na neno la ukingo! Hakuwa na pembeni, hakuwa na kuchonga, hakuwa na jina. Alikuwa na juu, chini, ndani na nje. Akachukua lililokuwa karibu, akasema Baba iko ndani. Mimi niliyemcheka muda wote kwa Kiswahili chake cha machela, siku hiyo moja nikamsikiliza kana kwamba ni mzee wa Bagamoyo anayejua anachosema. Mswahili mimi!

"Na yule mtu uchi?" nikauliza. "Na lile fuvu?"

Akainua mabega. Akasema nishani hiyo walipewa askari wengi wa vita ile, wala siyo ya familia yao tu. Fuvu ni kifo. Yule farasi anakikanyaga.

Kifo kimekanyagwa! Mimi huyu ninayeyasema hayo hayo kanisani kila Pasaka, nimesimama, mikono juu, natoa machozi. Nilikuwa nimeyashika mkononi nikayapaka chumvi.

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Bibi yupo, mpwa wake yupo, ningesema ni mimi, nifukuzwe, yaishe. Mpwa akanitazama. "Hukuiona kabisa, mama?"

Nikamwambia, "Hapana. Ila siku hizi Bibi anasahausahau sana."

Sikuongea kwa hasira wala kwa mpango. Lilinitoka tu, maana lilikuwa limeshakaa mdomoni.

Yule bwana akarudisha mto mahali pake. Kisha akasema, kwa upole wa mtu aliyekwisha amua, kwamba kama mama yake mdogo ameweza kupoteza kitu pekee ambacho hajawahi kukiachia, basi hawezi tena kuishi nyumbani. Atamtafutia mahali. Akanishukuru kwa uangalifu wangu. Alinishukuru, jamani!

Bibi alikuwa kwenye kiti chake, anasikia kila neno. Hakubisha. "Mimi sahau," akasema, akiwa ameelekeza uso dirishani.

Kesho yake niliteremka mpaka kwenye robot, yaani taa za barabara kubwa, mahali waokota taka wanapopumzikia na mikokoteni yao. Nikauliza mmoja mmoja. Kopo la maziwa, kitu cha fedha, utepe wa chungwa. Wengine walidhani nimechanganyikiwa. Mmoja mtu mzima akanionea huruma, akaniambia kwa Kizulu, "Eish, Mama, fedha hailali kwetu. Ingekuwa imepatikana, ingekuwa imeshayeyushwa." Nikarudi zaidi ya mara moja, mpaka wakaanza kunisalimia kwa kunionea aibu.

Wakamhamisha. Mahali penyewe ni pasafi, pana maua, wauguzi wana adabu. Lakini hakuna hata mmoja anayejua Kiswahili, hata hicho kibovu. Nyumba ikafungwa, nami nikarudi mjini kwenye chumba cha kupanga.

Nilienda kumtembelea. Kwa wiki nyingi niliahirisha, nakiri, lakini nilienda. Nilimkuta amefunikwa blanketi, kidole gumba kinafuata upindo wake, kinakwenda, kinarudi. Upindo wa blanketi hauna herufi. Nilikaa. Nikasema nitaungama leo, potelea mbali.

Na nikaungama. Lakini sikilizeni nilivyoungama!

Nilisema, "Bibi, nakiri mbele zako na mbele za Mwenyezi Mungu kwamba nilighafilika, nikakudhulumu kwa dhana potofu, na kwa unyenyekevu nakuomba radhi kwa yote niliyokutendea." Nililia nikisema hivyo. Nilijisikia mwepesi. Kiswahili safi, cha madhabahuni, hakina hata neno moja analolijua.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipapasa shavu, akagusa machozi. "Kiswahili mzuri," akasema. "Mzuri sana. Mimi hapana jua."

Kisha akanivuta karibu, kama mtu mwenye siri. "Mama. Mimi sahau Baba. Baba iko nje, mimi sahau."

Baba yuko nje! Na nje ile ni mimi niliyempeleka.

Ningemwambia pale pale. Ningeweza hata kwa Kiingereza, muuguzi asikie, dunia isikie. Nilibusu kiganja chake. Nikamwambia, "Lala mzuri, Bibi." Akanijibu, "Lala mzuri, mama." Nikaondoka.

Mpwa wake akanipigia simu siku chache baadaye. Amefariki usingizini, hakuteseka. Akaniomba niimbe kitu cha Kitanzania kwenye mazishi, kwa kuwa marehemu alinipenda. Nikaimba. Watu wakanishika mkono na kuniambia nimebarikiwa.

Sasa niko kwenye chumba changu. Nikiunguza wali siligombezi sufuria tena, sina hamu. Kijana wangu nilimsimulia yote kwa simu, kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza hakukata.  Kisha akasema, "Ma, why didn't you just tell her?" Kwa nini sikumwambia tu. Safari hii simu niliikata mimi.

Basi nawaomba nyinyi mnaosoma. Ukikuta kitu nyumbani kwa mtu kikakutisha, muulize mwenyewe kabla hujakishika. Mtu asiyejua lugha yako vizuri, usimhukumu kwa neno lake moja. Huenda hilo ndilo pekee alilokuwa nalo karibu. Na ukikosa, usiombe radhi kwa maneno ya kujipendezesha. Omba kwa maneno ambayo uliyemkosea anayaelewa, hata kama ni mabovu, hata kama yatakuvua nguo.

Mimi niliyakwepa, na yalikuwa machache tu. Nayajua yote. Nayasema sasa kila jioni nikishajifunika, nimeelekea ukutani, na hakuna wa kunijibu.

Bibi, wewe hapana sahau. Baba iko mkono yako. Mimi nachukua. Mimi natupa. Wewe hapana sahau.